Kununua fleti kwa kushirikiana: hati kwanza, pesa baadaye

Katika vibanda vya Marikiti, maduka ya leso ya mtaa wa Biashara na baraza za Mji wa Kale, mchezo umekuwa benki ya watu wa Mombasa kwa miaka mingi. Watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Sasa kuna vikundi vinavyojiuliza swali kubwa zaidi: kwa nini tusiunganishe akiba zetu, tukanunua jengo la fleti na kugawana kodi kila mwezi?

Swali ni zuri. Jengo ambalo muuza viungo mmoja hawezi kulinunua peke yake, watu ishirini wanaweza. Lakini mchezo na jengo si kitu kimoja. Mchezo ukivunjika, hasara ni ya mzunguko mmoja. Ushirika wa jengo ukivunjika, kinachopotea ni akiba ya miaka, na mara nyingi udugu na ujirani huenda pamoja nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanaeleza daftari hilo liwe na nini kabla ya mtu yeyote kutoa shilingi.

Ushirika wa aina hii unavyofanya kazi

Muundo wake ni mmoja, uwe Mombasa au Marekani. Kuna kiongozi anayetafuta jengo, kujadiliana bei na kusimamia wapangaji. Kuna wenye pesa, ambao wanachanga na kungoja mgao. Na kuna jengo, ambalo huleta faida kwa njia mbili: kodi ya kila mwezi, na bei yake kupanda likija kuuzwa.

Ugumu uko kati ya hao wawili wa kwanza. Kiongozi ndiye anayejua habari zote, na pesa nyingi si zake. Huenda akalipwa kwa kutafuta jengo, akalipwa tena kwa kulisimamia, na akalipwa mara ya tatu likiuzwa. Hakuna ubaya kwa anayefanya kazi kulipwa, ila malipo hayo yaandikwe mapema, na kila mwanachama ajue kiongozi mwenyewe ameweka kiasi gani. Kiongozi asiyeweka chochote chake hana cha kupoteza jengo likiharibika.

Kenya imeyaona haya zamani. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960 na 1970, watu wengi walijiunga na kampuni na vyama vya kununua mashamba. Kuna waliopata ardhi na hati zao. Kuna waliobaki na risiti za hisa tu, huku kesi zikirithiwa na watoto wao. Waliobaki na risiti walikuwa na pesa na walikuwa na imani. Walichokosa ni jina lao kuandikwa mahali panapotambuliwa na sheria.

Jengo litaandikwa kwa jina la nani?

Hili ndilo swali la kwanza, hata kabla ya kutafuta jengo. Zipo njia nne za kawaida.

Njia ya kwanza ni wanachama wenyewe kuandikwa kwenye hatimiliki, kila mmoja na fungu lake. Njia hii inafaa watu wachache wanaojuana, kwa mfano ndugu watatu au wanne. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba hati isipoeleza mafungu, wenye mali huchukuliwa kuwa na mafungu sawa. Maana yake, ukitoa milioni tatu na mwenzako akatoa milioni moja, na hati ikawa kimya, sheria itaanza kwa kuwahesabu ninyi kuwa sawa. Andikeni mafungu. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye fungu hawezi kuliuza kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, nao wenzake hawawezi kumnyima idhini bila sababu ya haki.

Njia ya pili ni kampuni ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015. Jengo huwa mali ya kampuni, na wanachama huwa na hisa. Kampuni ya aina hii haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50. Faida yake ni kwamba mwanachama akiuza hisa zake, hati ya jengo haiguswi.

Njia ya tatu ni ubia wenye dhima yenye mipaka, uliowekwa na sheria ya mwaka 2011. Ubia huu unaweza kumiliki mali kwa jina lake, na hufuata yale wabia waliyokubaliana katika mkataba wao.

Njia ya nne ni chama cha ushirika, ambacho huhitaji wanachama wasiopungua kumi. Kina mikutano ya kila mwaka, ukaguzi wa hesabu na usimamizi wa afisa wa ushirika. Kwa kundi kubwa la wafanyabiashara wa soko moja, njia hii ina ulinzi mwingi kuliko kundi la simu lenye mweka hazina mmoja.

Vikundi vingi vya wakazi vimeandikishwa kama vikundi vya kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022. Cheti hicho ni kizuri kwa kufungua akaunti na kupata misaada ya maendeleo, lakini si kampuni. Kikundi kikitaka kununua jengo, wakili aulizwe kwanza mali itashikwa kwa jina la nani, na wanaoshika wasaini hati ya kukiri kwamba wanaishika kwa niaba ya wote. Jengo lililoandikwa jina la mwenyekiti peke yake, machoni pa msajili, ni la mwenyekiti.

Familia zenye ndugu Muscat, Dubai au Ulaya zizingatie jambo moja zaidi. Ndugu ambaye bado ni raia wa Kenya hana kizuizi. Lakini kwa Kifungu cha 65 cha Katiba, kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu hisa zake zote zinapokuwa mikononi mwa raia. Hisa moja ya mtu ambaye si raia tena inatosha kubadilisha hali hiyo, na kampuni hiyo haitaweza kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Ulizeni uraia wa kila mwanachama kabla ya kugawa hisa.

Ardhi ya Mombasa ina mambo yake

Kisiwa hiki kina aina za umiliki ambazo mnunuzi kutoka bara huenda hazijui, na hata wenyeji huzisahau wanapoona jengo zuri.

Kwanza, nyumba bila ardhi. Tangu enzi za ukoloni, ardhi ya Pwani ilipoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1908, wakazi wengi walijenga juu ya viwanja vya watu wengine na kulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Majengo na mitaa mingine ya mji ina nyumba nyingi za namna hii. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema nyumba ni yake, na bado ardhi isiwe yake. Mkinunua nyumba ya aina hii mmenunua kuta na paa, na hatima yenu iko kwa mwenye ardhi. Ushirika wa watu ishirini haufai kujengwa juu ya msingi huo.

Pili, wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi. Hushikwa milele kwa ajili ya msikiti, madrasa, maskini au kizazi cha aliyeiweka. Inaweza kukodishwa, na hilo ni jambo tofauti. Mkisikia fununu kwamba kiwanja ni cha wakfu, ulizeni Tume ya Wakfu hapa Mombasa kabla ya kuendelea.

Tatu, mirathi isiyogawanywa. Nyumba ya marehemu babu ni ya warithi wote hadi mahakama iseme vingine. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi ndiyo husikiza suala hilo. Muuzaji akisema "ndugu zangu wamekubali", mjibuni kwa upole kwamba mnaomba kuona karatasi ya mahakama, na kila mrithi asaini. Na kama nyumba ni makazi ya ndoa, idhini ya mume au mke wa muuzaji ipatikane kwa maandishi.

Nne, Mji wa Kale. Eneo hili limehifadhiwa kwa ajili ya historia yake, na kubadilisha sura ya jengo, kubomoa au kuongeza ghorofa kunahitaji idhini kupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, mbali na idhini ya kaunti. Msipige hesabu ya faida kwa ghorofa ambazo hamtaruhusiwa kujenga.

Kwa yote haya, fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama ni ya kudumu au ya kukodi, na kama kuna mkopo au zuio la mahakama juu yake. Usajili wa hati ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti hushughulikia ada ya ardhi ya kila mwaka na vibali vya ujenzi. Muuzaji lazima awe na cheti cha kaunti kinachoonyesha kwamba hana deni la ada hiyo, kwa sababu bila cheti hicho hati haihamishwi.

Kagueni jengo, msitazame rangi

Ombeni kuona ramani zilizoidhinishwa na kaunti, na mhesabu ghorofa. Ramani ikiwa na ghorofa nne na jengo lina sita, mbili za juu hazina idhini. Ombeni pia cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Kwa jengo jipya, ulizeni kama mradi na mkandarasi waliandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

Kisha mleteni mhandisi aliyesajiliwa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma ndani ya zege. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, plasta inayobambatuka chini ya roshani na madoa ya kutu kwenye nguzo ni dalili kwamba ukarabati mkubwa uko njiani. Maji ya kisima yenye chumvi huharibu mabomba vilevile. Ulizeni maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, matangi yanatosha watu wangapi, na kama kila fleti ina mita yake ya umeme. Wapangaji huhama kwa sababu ya maji kuliko kwa sababu ya rangi.

Majengo mengi karibu na Marikiti yana maduka chini na makao juu. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria. Hamwezi kumpandishia kodi au kumtoa bila kumpa notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, naye ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Kama muuzaji anawaambia kwamba "maduka haya mtayapandisha kodi mara mbili mkishanunua", hesabu hiyo isiingie kwenye daftari lenu.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mfano wa kubuni, tuone namba zinavyokwenda. Watu 20 wanachanga shilingi 850,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 17,000,000. Wanataka kununua jengo dogo lenye fleti sita kwa shilingi 15,000,000.

Mnunuzi ndiye hulipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Hapa ni shilingi 600,000. Wakili, mthamini, mhandisi na upekuzi tuwakadirie shilingi 400,000. Zinabaki shilingi 1,000,000 za ukarabati.

Kila fleti inakodishwa shilingi 22,000 kwa mwezi. Jumla ni 132,000 kwa mwezi. Dalali atagawanya mara moja: 132,000 kwa watu 20 ni shilingi 6,600 kila mwezi kwa kila mtu. Hesabu hiyo ndiyo huvutia watu. Sasa tuifuate hadi mwisho.

Kwa mwaka mzima kodi ni 1,584,000. Hakuna jengo linalojaa miezi 12, kwa hiyo tuseme kila fleti inakaa tupu mwezi mmoja. Zinaingia 1,452,000. Ushuru wa kodi ya makao ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ushuru huu hutozwa kwenye kodi yote inayoingia, bila kutoa gharama, na hulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapa ni 108,900. Mlinzi, usafi, taa za ngazi, bima na ada ya ardhi tuziweke 300,000. Akiba ya ukarabati, asilimia 10 ya kodi, ni 145,200.

Kinachobaki ni shilingi 897,900. Kila mwanachama anapata 44,895 kwa mwaka, sawa na kama 3,741 kwa mwezi. Ni zaidi kidogo ya nusu ya alichoahidiwa. Kwa pesa aliyotoa, ni takriban asilimia 5.3 kwa mwaka, na kwa mwendo huo atarudisha mtaji wake baada ya karibu miaka 19. Bei ya jengo inaweza kupanda na kuongeza faida, lakini hilo halina hakika, na likiuzwa kwa faida, asilimia 15 ya faida hiyo ni ushuru.

Mfano huu hausemi kwamba majengo hayafai. Unasema kwamba bei ya kununua ndiyo inayoamua. Jengo hilo hilo likipatikana kwa milioni 11, au kodi ikiwa juu zaidi, picha hubadilika. Linganisheni matokeo na faida ya chama chenu cha akiba na mikopo au ya hati za dhamana za serikali, ambazo hazihitaji mlinzi wala fundi bomba. Maduka nayo yahesabiwe kando, kwa sababu ushuru wa kodi ya biashara hufuata utaratibu mwingine.

Mkopo, riba na musharaka

Wengi hufikiri mkopo utaongeza faida. Katika mfano wetu, tuseme wanachama wanachanga nusu, na shilingi 8,500,000 zinatoka benki kwa riba ya asilimia 14. Riba peke yake katika mwaka wa kwanza ni kama shilingi 1,190,000. Jengo linabakisha 897,900. Kila mwaka wanachama watatoa pesa mfukoni kulipia jengo lililotakiwa kuwalipa wao. Mkopo husaidia pale tu jengo linapozaa kuliko gharama ya mkopo.

Kumbukeni pia kwamba dhamana ya mkopo ni jengo zima. Wanachama 19 wakilipa na mmoja akishindwa, benki haiuzi fungu la mmoja.

Kwa wanaojiepusha na riba, benki zinazofuata sharia zimekuwepo Kenya tangu mwaka 2008, na benki nyingine zina madirisha ya aina hiyo. Njia yao ya kawaida kwa majengo ni musharaka unaopungua: benki na mnunuzi wanamiliki pamoja, mnunuzi analipa kodi kwa fungu la benki na kulinunua polepole hadi limalizike. Malipo bado ni malipo, na yapigiwe hesabu ile ile. Jambo hili liamuliwe na wanachama wote mwanzoni, ili asitokee mtu katikati ya safari akajikuta ndani ya mkopo ambao dini yake hairuhusu.

Mkataba wa wanachama

Wekeni mkataba wenu kwa maandishi, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, na usainiwe mbele ya wakili. Angalau ujibu haya:

1. Kila mtu ametoa kiasi gani na ana fungu gani. Mafungu yaorodheshwe kwa majina na namba za vitambulisho.

2. Nani anasimamia jengo, analipwaje, na anaweza kuondolewa kwa kura ngapi.

3. Pesa zinakaa wapi. Akaunti iwe ya ushirika, na kutoa pesa kuhitaji saini tatu. Kodi ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti au namba ya malipo ya ushirika, isipitie simu ya mtu.

4. Hesabu zinasomwa lini. Kila miezi mitatu ni muda mzuri: kodi iliyoingia, iliyodaiwa, iliyotumika, iliyobaki.

5. Likihitajika paa jipya na akiba haitoshi, nani atachanga, na asiyechanga fungu lake litapunguzwaje.

6. Mwanachama akitaka kutoka, nani ana haki ya kwanza ya kununua fungu lake, bei itapangwa na nani, na atalipwa ndani ya muda gani. Jengo haliuzwi kwa siku moja kama gunia la mchele, na mwenye mtoto anayeingia chuo lazima ajue hilo kabla ya kuweka karo yake humo.

7. Mwanachama akifa, warithi wake wataonyesha karatasi gani na watapokea nini hadi mirathi imalizike. Kila mwanachama aiambie familia yake kwamba ana fungu na nakala ya mkataba iko wapi. Fungu ambalo mke na watoto hawalijui ni fungu lililokwisha kupotea.

8. Ushirika utadumu miaka mingapi, na mwisho wake ni upi: kuuza jengo, au kugawana fleti zenyewe. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu kila fleti kuwa na hatimiliki yake, huku ngazi, paa na ua vikisimamiwa na shirika la wenye fleti wote. Inahitaji ardhi ya kudumu, au ya kukodi iliyobakiza miaka isiyopungua 21.

Dalili za kukufanya usimame

Mtu akikuahidi faida isiyobadilika kila mwezi hata fleti zikiwa tupu, pesa hiyo inatoka mahali pengine, na mara nyingi inatoka kwa wanachama wapya. Mtu akikuhimiza ulipe leo kwa sababu kesho nafasi zitaisha, mwache nafasi ziishe. Anayekataa usimlete wakili wako, au anayetaka malipo ya kwanza yaingie kwenye akaunti yake binafsi, hana jengo la kukuuzia. Desturi ya kawaida ya mauzo ni asilimia 10 kulipwa mkataba ukisainiwa, na kushikwa na wakili hadi mauzo yakamilike, mara nyingi ndani ya siku 90. Mkataba wa kuuza ardhi usioandikwa na kusainiwa hauwezi kutetewa mahakamani.

Msiamini pia kwamba ukubwa wa mradi ni kinga. Oktoba 2021, mifuko miwili ya Nairobi iliyokusanya mabilioni ya shilingi kutoka kwa maelfu ya watu kwa ajili ya majengo iliwekwa chini ya msimamizi baada ya kushindwa kuwalipa. Januari 2023 Mahakama Kuu iliamuru ifilisiwe. Mifuko hiyo haikuwa chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Pesa za benki zina bima ya serikali hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika kila benki. Pesa za ushirika wa jengo hazina bima hiyo hata kidogo.

Anayetangazia umma kuwekeza kwake ulizeni kibali chake cha CMA, kisha mkathibitishe kwa CMA wenyewe. Kwa asiyetaka shughuli za wapangaji, kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu mifuko ya uwekezaji katika majengo inayosimamiwa na mamlaka hiyo, na wa kwanza uliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015. Bei zake hupanda na kushuka, lakini hesabu zake huchapishwa.

Pa kuanzia

Anzeni kidogo. Changeni kwa mwaka mmoja katika akaunti ya pamoja bila kununua chochote. Mwaka huo utaonyesha nani hulipa kwa wakati, nani huja mikutanoni na nani husoma hesabu. Ikiwa kikundi hakiwezi kuweka daftari la michango ya mwezi, hakitaweza kuweka daftari la wapangaji.

Kisha chagueni muundo wa umiliki na mwandike mkataba. Baada ya hapo ndipo mtafute jengo, mfanye upekuzi, mlete mhandisi na mthamini aliyesajiliwa, na mlipe kupitia wakili. Dalali aonyeshe usajili wake katika bodi ya mawakala wa majengo, na jina la wakili lithibitishwe kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya.

Afisi za kaunti za ardhi, mipango ya mji na ushirika ziko wazi kwa wakazi wanaotaka kujua kama ramani ya jengo iliidhinishwa, kama ada ya ardhi imelipwa, au jinsi ya kuandikisha chama cha ushirika. Nendeni mkiwa wawili au watatu, mbebe namba ya kiwanja, na mwombe majibu kwa maandishi. Swali hilo la asubuhi moja linaweza kuokoa akiba ya watu ishirini.